Jaji Mkuu apatikane vipi: njia yetu, ya Kenya au ya India?

Stesheneri yangu iko hatua chache kutoka Mahakama ya Kisutu. Nachapa hati za viapo, natoa kopi, nabana makabrasha ya rufaa. Karibuni mzee mmoja, mstaafu wa bandari, aliniletea karatasi mbili za daftari alizoandika kwa kalamu ya bluu. Yalikuwa maoni yake kuhusu Katiba mpya, akitaka yachapwe vizuri ayaweke tayari kwa siku atakayoulizwa. Kipengele cha nne kilisema Jaji Mkuu aendelee kuteuliwa na Rais kama sasa, kwa kuwa Rais amechaguliwa na wananchi.

Wakili kijana aliyekuwa akisubiri kopi zake akasoma kwenye skrini, akashindwa kunyamaza. "Shikamoo mzee wangu. Samahani, hapo namba nne mimi nakupinga. Wenzetu Kenya Jaji Mkuu anahojiwa kwenye televisheni, nchi nzima inatazama."

"Marahaba mwanangu. Na wakishamhoji, ugomvi unakwisha?"

Kijana akacheka kidogo, akasema hauishi. Wakaendelea mpaka toni ya mashine ikaisha na kopi za kijana zikachelewa. Kipengele cha nne nilikichapa kama kilivyo, maana maoni ni ya mzee. Lakini nimebaki nikiwaza, na kwa kuwa swali hili litarudi kila Katiba inapotajwa, naweka njia tatu kando kwa kando, na mwisho nitasema ninayoichagua.

Kwanza, huyu mtu anafanya nini

Mama mmoja wa Mbagala, mwenye rufaa ya nyumba ya urithi, aliwahi kuniuliza huku nikimpangia kurasa: "Mwanangu, kumbe Jaji Mkuu ndiye atakayenisikiliza?" Alikuwa ameona jina la Mahakama ya Rufani juu ya karatasi, akadhani anakwenda mbele ya mtu mmoja mwenye neno la mwisho. Nikamweleza kuwa rufaa kwa kawaida husikilizwa na jopo la majaji watatu, na Jaji Mkuu akiwemo, kura yake ni moja kama za wenzake. Wawili wakimkataa, ameshindwa.

Nguvu yake iko nje ya kura hiyo. Ndiye mkuu wa Mahakama nzima, kuanzia Mahakama ya Rufani hadi mahakama ya mwanzo ya kata. Ni mwenyekiti wa Tume ya Utumishi wa Mahakama, inayoajiri mahakimu na kuwachukulia hatua za nidhamu. Hutunga kanuni za mwenendo wa mashauri: karatasi iandikweje, iwasilishwe ndani ya siku ngapi. Mimi mchapaji naziona kanuni hizo kila siku mezani. Zikibadilika leo, kesho wateja wangu wanarudishwa dirishani. Na Rais anapoapa, anaapa mbele yake. Machi 19, 2021, baada ya kifo cha Rais Magufuli, Jaji Mkuu Ibrahim Juma ndiye aliyemwapisha Samia Suluhu Hassan hapa Dar es Salaam. Katika saa kama ile, nchi inategemea kwamba hakuna anayetilia shaka nafasi ya mtu anayeshika ile karatasi ya kiapo.

Kabla hatujaendelea, ndugu zetu wa Zanzibar wasinielewe vibaya. Zanzibar ina Jaji Mkuu wake, mkuu wa Mahakama Kuu ya Zanzibar, na rufaa nyingi kutoka kwake huja Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Hapa nazungumzia Jaji Mkuu wa Tanzania. Marehemu Augustino Ramadhani alizishika nafasi zote mbili kwa nyakati tofauti.

Njia yetu: Rais anateua

Katiba ya 1977, ibara ya 118, inampa Rais mamlaka ya kumteua Jaji Mkuu kutoka miongoni mwa watu wenye sifa za kuwa Jaji wa Rufani. Hakuna usaili wa wazi, na Bunge halithibitishi. Tunasikia jina jioni kwenye taarifa ya Ikulu, na siku chache baadaye tunaona picha za kiapo.

Mzee wa bandari ana hoja hapa, na si hoja ya kupuuzwa. Njia hii imewahi kutupa watu wazito. Baada ya uhuru tulianza na Ralph Windham, Mwingereza, kisha mwaka 1965 akaja Philip Georges kutoka Trinidad. Augustine Saidi akawa Mtanzania wa kwanza mwaka 1971. Mwaka 1977 Mwalimu Nyerere akamteua Francis Nyalali, akiwa na miaka 42 tu. Aliondoka mwaka 2000 alipotimiza 65. Miaka 23, marais watatu.

Nasimama kidogo kwa Nyalali, kwa sababu maisha yake ya kazi yana jibu la swali hili kuliko vifungu vingi. Mwaka ule ule alioteuliwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na pamoja nayo Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Ikabidi tujenge ya kwetu, na mwaka 1979 ikaanza. Yeye ndiye aliyeilea. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani chini yake ilitamka kuwa kifungu kilichowanyima dhamana washtakiwa wa aina fulani kilikuwa kinyume cha Katiba. Huo ulikuwa bado wakati wa chama kimoja. Mwaka huo huo akapewa kuongoza tume ya kukusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama. Waliotaka chama kimoja kiendelee walikuwa kama asilimia 80. Tume yake ikapendekeza vyama vingi, ikijali kwamba wale asilimia 20 nao wana haki ya kusikilizwa, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Mtu huyo aliteuliwa na Rais peke yake, bila kuhojiwa na yeyote hadharani. Kwa hiyo anayesema uteuzi wa Rais lazima uzae Jaji Mkuu dhaifu, historia yetu wenyewe inamkatalia. Lakini tazama kilichomsaidia: alikuwa na miaka 23 mbele yake, na hakuhitaji kumwomba mtu aongezewe hata siku moja. Marais walipita, yeye akabaki.

Sasa linganisha na tulichokiona baadaye. Januari 2017 Jaji Mkuu Mohamed Chande Othman alistaafu. Aliyefuata, Profesa Ibrahim Juma, aliapishwa kuwa Kaimu Jaji Mkuu, akakaimu mpaka Septemba ndipo akathibitishwa. Miezi minane. Simsemi yeye, ambaye zama zake zilileta mengi yanayomgusa mwananchi wa kawaida, kama mahakama inayotembea iliyozinduliwa 2019 ikazunguka pembezoni mwa jiji hili, na Kiswahili kufanywa lugha ya mahakama kwa sheria ya 2021. Nasema nafasi yenyewe. Anayekaimu anasubiri, na anayejua jibu la kusubiri kwake ni mtu mmoja, ambaye serikali yake ndiyo mdaawa, yaani mwenye kesi, mkubwa kuliko wote mahakamani.

Juni 2023 Profesa Juma alitimiza miaka 65. Ibara ya 120 inasema Rais akiona inafaa kwa manufaa ya umma, na jaji akikubali kwa maandishi, anaweza kuagiza aendelee kwa muda atakaoutaja. Aliendelea mpaka Juni 2025, alipoapishwa George Masaju, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Wanasheria walibishana sana kuhusu nyongeza ile. Kwangu mimi tatizo linaonekana bila shahada ya sheria: muda wa mwamuzi ukiwa mkononi mwa timu moja, ile nyingine haitamwamini hata akipuliza filimbi kwa haki.

Njia ya Kenya: tume inahoji, Bunge linathibitisha, Rais anateua

Kenya nao walikuwa kama sisi. Katiba yao ya 2010 ikabadilisha. Januari 2011 Rais Kibaki alitangaza jina la Jaji Mkuu mpya kwa namna ya zamani. Mahakama Kuu ikasema Katiba imekiukwa, na jina likaondolewa. Ndipo nafasi ikatangazwa, watu wakaomba, wakaketi mbele ya Tume ya Huduma za Mahakama na kamera zikiwaka.

Watu wengi wa rika langu wanaukumbuka usaili wa Willy Mutunga. Alikuwa na kipini sikioni. Akaulizwa kuhusu kipini, mbele ya taifa, na akajibu kwamba kinahusu imani yake kwa mizimu ya wahenga, na kwamba kama kazi inamtaka akivue, basi hiyo kazi hataichukua. Akaipata. Mwaka 2016 David Maraga, Msabato, akaulizwa kama angekubali kuketi kusikiliza kesi siku ya Jumamosi. Akasema hapana. Naye akaipata. Unaweza kuona maswali hayo kuwa madogo, lakini mimi nayaona makubwa sana. Wakenya walimjua mtu kabla hajapata madaraka, wakajua ni mahali gani hasogei. Sisi tunaanza kumjua Jaji Mkuu siku anayoapa.

Baada ya usaili, tume hupeleka jina moja kwa Rais, Bunge la Taifa linathibitisha, Rais anateua. Anayeteuliwa lazima awe na uzoefu wa miaka 15 angalau. Anakaa miaka 10 tu au mpaka atimize 70, lolote litakalotangulia, na nyongeza hakuna.

Na ile tume yenyewe? Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, ingawa watu huipita haraka wakikimbilia televisheni. Tume yao ina watu 11. Majaji wa kila ngazi wanamchagua mwenzao, mahakimu wanamchagua wao, na mawakili wanachagua wawili, mwanamke na mwanamume. Kuna wananchi wawili ambao Rais anawapendekeza na Bunge linawathibitisha. Yetu ina sita: Jaji Mkuu mwenyewe, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji wa Rufani mmoja, Jaji Kiongozi, na wajumbe wengine wawili. Ukifuatilia kila mmoja alivyofika pale, unarudi kwenye meza ile ile ya Rais. Kwa hiyo ndugu zangu mnaotaka usaili wa kwenye televisheni, mkiuchukua usaili mkaiacha tume ilivyo, mmebadilisha rangi ya ukuta.

Matunda yake yalionekana Septemba 1, 2017. Mahakama ya Juu chini ya Maraga, kwa kura nne dhidi ya mbili, ilifuta matokeo ya uchaguzi wa rais wa Agosti 8, jambo ambalo mpaka siku ile lilikuwa halijawahi kutokea Afrika. Nilikuwa kazini, redio ya jirani anayeshona viatu ilipotoa ile habari, watu waliacha foleni ya kopi wakaenda kusikiliza. Hapa kwetu ibara ya 41(7) inakataza mahakama yoyote kuchunguza matokeo ya urais yakishatangazwa, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema mwaka 2020 kwamba katazo hilo linavunja Mkataba wa Afrika wa haki hizo. Kwa hiyo hata tungempata Maraga wetu, kesi ile isingefika mezani kwake. Nalitaja ili msomaji asidhani kubadilisha namna ya uteuzi pekee kunatosha.

Mzee wa bandari aliuliza kama ugomvi unakwisha. Haukwishi. Baada ya hukumu ile Rais Kenyatta aliwaita majaji "wakora", na wakora kwa Kiswahili cha Kenya ni wahuni. Oktoba 25 mwaka huo, mahakama ilipotakiwa kusikiliza ombi la kuahirisha uchaguzi wa marudio, majaji wawili tu kati ya saba ndio walioonekana, na siku moja kabla dereva wa Naibu Jaji Mkuu alikuwa amepigwa risasi. Tume ilipompelekea Rais majina ya majaji 41 mwaka 2019, aliyakalia karibu miaka miwili, kisha akaacha sita bila kuwaapisha. Mwanzoni mwa 2025 maombi ya kuwang'oa majaji wote saba wa Mahakama ya Juu yalikuwa mbele ya tume, Mahakama Kuu ikayasimamisha. Anayechagua njia ya Kenya ajue anachagua na kelele zake.

Mimi kelele hizo sizichukii. Ni bora kuzisikia kuliko kuzikisia. Na kuna jambo moja la Kenya ninalolipenda kuliko hata hukumu ya 2017. Mkesha wa mwaka mpya, Desemba 31, 2011, mlinzi wa kike katika jengo la maduka la Nairobi alimsimamisha Naibu Jaji Mkuu ili amkague, kukawa na ugomvi, mlinzi akalalamika. Malalamiko yake yakasikilizwa, jopo la uchunguzi likapendekeza kiongozi yule aondolewe, na Oktoba 2012 akajiuzulu. Mlinzi wa mlangoni alisikilizwa dhidi ya mtu wa pili katika Mahakama yote.

Njia ya India: mkongwe anafuata

Hii nitaieleza kwa ufupi, maana kwetu haijadiliwi sana, ila ina somo kali. India, kwa desturi, Jaji Mkuu akistaafu anafuata yule aliyetangulia kuteuliwa katika Mahakama ya Juu. Kila mtu anaweza kuhesabu mapema nani atakuja na mwaka gani. Hakuna kupanga foleni Ikulu, hakuna kubembeleza.

Hasara yake ni muda. Majaji wa Mahakama ya Juu wanastaafu wakiwa na miaka 65, hivyo wengine wanaifikia nafasi wakiwa wamebakiza wiki. Mwaka 1991 K. N. Singh alikaa siku 17. Mwaka 2022 India ilikuwa na majaji wakuu watatu ndani ya mwaka mmoja. Nani ataanzisha mageuzi ya mfumo wa kufungua mashauri akiwa na siku 17?

Na desturi, kwa kuwa ni desturi, inaweza kuvunjwa. Aprili 1973, mara tu baada ya hukumu kubwa iliyosema Bunge haliwezi kubomoa msingi wa Katiba, serikali ya Indira Gandhi iliwaruka majaji watatu waandamizi ikamteua A. N. Ray. Wote watatu wakajiuzulu. Mwaka 1976, wakati wa hali ya hatari, Jaji H. R. Khanna akawa peke yake kati ya watano kusema kwamba serikali haiwezi kumfunga mtu bila mahakama kuhoji. Zamu yake ilipofika Januari 1977, akarukwa. Naye akajiuzulu.

Mlango wa kutokea

Sisi tumezoea kubishana kuhusu mlango wa kuingilia: nani ateue, nani athibitishe. Mimi nimeshawishika kwamba mlango wa kutokea una uzito zaidi. Nyalali aliingia kwa uteuzi wa mtu mmoja, akawa huru kwa sababu siku yake ya kutoka ilijulikana. Khanna alirukwa kwa kuwa zamu yake iliweza kuguswa. Uganda wana tume, wana uthibitisho wa Bunge, wana kila kitu mlangoni mwa kuingilia; lakini Jaji Mkuu Benjamin Odoki alipotimiza 70 mwaka 2013, Rais Museveni akataka aendelee kwa mkataba, nchi ikaingia kwenye mabishano, na mwaka 2014 Mahakama ya Katiba ikasema haiwezekani. Waganda hao hao wanajua gharama ya mwisho kabisa: Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu wao wa kwanza mzalendo, alichukuliwa ofisini kwake mahakamani Septemba 1972 na askari wa Idi Amin, akauawa.

Kwa hiyo uchague nini? Kama hofu yako kubwa ni malumbano, na unaamini Rais atachagua vizuri, baki na njia yetu, ila kubali kuondoa neno la "manufaa ya umma" katika ibara ya 120 ili miaka 65 iwe 65 kwa kila mtu. Hilo halihitaji Katiba mpya nzima, linahitaji marekebisho tu. Kama hofu yako ni upendeleo na ushawishi, na uko tayari kupata majaji wakuu wa muda mfupi, ya India inakufaa, lakini iandikwe kwenye Katiba, isiachwe kwenye desturi.

Mimi nachagua ya Kenya, kwa masharti yangu. Tume ibadilishwe kwanza, majaji, mahakimu na mawakili wachague wajumbe wao. Jaji Mkuu akae miaka 10 isiyoongezwa. Rais apewe siku za kuhesabika za kuapisha jina lililothibitishwa, na zikipita, kiapo kifanyike bila kumsubiri, ili yaliyowakuta wale majaji sita yasitufike. Na kaimu asikaimu zaidi ya miezi mitatu. Kuhusu Zanzibar na Mahakama ya Juu iliyopendekezwa na Rasimu ya Katiba ya Warioba, hayo yanataka siku yake.

Mzee wa bandari alirudi kuchukua karatasi zake Alhamisi. Nilimsomea masharti yangu, akasikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea kaunta. Uteuzi wa Rais hakuuacha. Lakini aliniomba kalamu, akaongeza kwa mkono chini ya kipengele cha nne: "Akifika umri wa kustaafu, astaafu." Kisha akaniambia nichape upya ukurasa ule, na nitoe nakala tatu.